Mrija wa Mwimbaji wa Kuume

Polihronis Tsakmakis akilishika neno moja la wimbo wa kanisa, unaweza kwenda nyumbani, ukazima jiko la maharage, ukarudi, ukamkuta bado yuko kwenye neno lile lile. Sikisii, nimefanya hivyo mara nyingi. Naitwa Asimina, nauza mishumaa katika kanisa la Mtakatifu Haralambos hapa Kastrinitsa, na meza yangu iko mlangoni kabisa. Naona nani anaingia, nani anatoka, na nani amelala huku macho yakiwa wazi.

Siku za kazi Polihronis anauza viatu. Jumapili na sikukuu yeye ndiye mwimbaji wa kuume, na cheo hicho kwetu mtu hukishika mpaka afe au sauti imkatike. Hakuna cha kustaafu. Waimbaji huwa wawili: wa kuume anaimba mstari, wa kushoto anapokea unaofuata, wanakwenda hivyo wakipokezana mpaka wimbo uishe. Ndivyo vitabu vinavyoagiza, lakini Polihronis alivisoma kwa jicho moja. Akimaliza mstari wake anavuta pumzi ndogo, ya kuiba, na kabla mwenzake hajafungua mdomo ameshauchukua na ule wa pili.

Mwenzake ni Zisis, fundi majokofu, mtu mrefu na mpole aliyekuja mjini kwetu kwa kuoa, miaka ishirini na miwili iliyopita. Katika miaka yote hiyo alichoachiwa ni "amina", na zile "Bwana hurumia" fupi fupi ambazo hata kasuku anaziweza, na wakati wa baridi aliachiwa kuwasha hita. Padre akimtazama Polihronis kwa jicho la kumkanya, Polihronis anafumba macho kwa uchaji. Sisi wengine tulishazoea. Tuliamini kwamba Zisis hana sauti, maana angekuwa nayo si tungeisikia? Naye hakuwahi kutubishia. Mtu mpole kupita kiasi naye ananichosha, nisifiche.

Nisimsingizie Polihronis: sauti alikuwa nayo, tena nene, ya kujaza kanisa mpaka kwenye kuba. Ila hakuipumzisha hata kidogo. Dukani alimpigia kelele mteja kiziwi na mteja asiye kiziwi. Jioni alimtukana refa kwenye televisheni. Usiku alimwita mkewe, Evlambia, kutoka sebuleni mpaka jikoni, na nyumba yao ni ndogo kiasi kwamba angeweza kumgusa kwa kunyoosha mkono. Wageni wa Athene wakija kwa Pasaka, ndipo anapandwa na wazimu, anarefusha nyimbo mpaka padre anatikisa chetezo kwa nguvu kumjulisha kwamba ubani umeisha.

Jumapili ya kwanza ya Kwaresima ya mwaka jana, alipanda juu kuishika noti yake ya kujivunia, na badala ya noti ikatoka sauti ya bawaba ya mlango wa banda la kuku. Akajaribu tena, kuku akatoka tena. Nilimwona Evlambia upande wa wanawake akikaza leso mdomoni, na mpaka leo hajakiri kama alikuwa analia au anacheka.

Kwetu mambo kama hayo yana sababu moja tu: jicho baya. Wazee wa mkahawani wakakumbuka kwamba wiki iliyotangulia Zisis alimwambia Polihronis, "Leo umeimba vizuri, kaka," na hakutema mate hata kidogo baada ya kusifu, ambavyo kwetu ndivyo jicho linavyozuiwa. Mtu mzima, anasifu bila kutema! Basi Polihronis akaletewa bibi wa kumwondolea jicho kwa matone ya mafuta katika maji. Bibi akapiga miayo, ishara kwamba jicho ni kubwa, akala keki yake ya ufuta, akaenda zake. Sauti haikurudi. Polihronis akanywa mayai mabichi kwa siri, Kwaresima katikati, wakati mayai ni mwiko, na Mungu naye akakaa kimya. Salamu kwa Zisis akazikata.

Mwishowe Evlambia alimburuta mpaka Larisa kwa daktari wa koo, na daktari akamrudisha huku huku Kastrinitsa, kwa Danae. Danae ni binti wa Stathis muuza nyama. Alisomea ufundi wa kutibu sauti, akafungua chumba juu ya duka la dawa, na mjini hakuna aliyejua anafanya nini humo ndani isipokuwa kwamba hauzi nyama. Yaliyosemwa siku hiyo nimeyapata kwa Evlambia, ambaye hukumbuka kila neno linalomwaibisha mumewe.

"Bwana Polihronis," Danae akamwambia, "nyuzi zako za sauti zimeota sugu. Unajua sugu inavyoota?"

"Nauza viatu, binti. Usinifundishe sugu."

"Vizuri. Basi kiatu chako kimekubana siku nyingi."

Akampa glasi ya maji na mrija. Akamwambia afunge midomo vizuri kwenye mrija, hewa isitoke pembeni wala puani, aseme "uuu" taratibu, mapovu yatoke madogo madogo na yalingane.

"Nipulize mapovu?"

"Ndiyo."

"Mimi?"

"Wewe hasa."

"Mimi niliimba kwenye ubatizo wako!"

"Nimeambiwa. Na nimeambiwa nililia ibada nzima."

Evlambia anasema hapo mumewe aligeuka rangi kama nyanya. Lakini Danae ana subira ya mtu aliyekua buchani, akisikiliza watu wakibishana juu ya mafuta ya nyama. Akamweleza kwamba mtu akipaza sauti, nyuzi hugongana kama viganja vinavyopiga makofi. Wewe umepiga makofi miaka thelathini, zimechoka. Mrija ni mwembamba, hewa inapata kizuizi huko mbele, inarudi nyuma kidogo, inazishika nyuzi zitetemeke bila kuumizana. Dakika chache, mara kadhaa kwa siku. Sauti uipandishe kidogo, uishushe kidogo, usilazimishe. Na katikati ya hapo hakuna kupiga kelele, hakuna kukwangua koo, hakuna hata kunong'ona.

"Nisinong'one pia?" akanong'ona Polihronis.

"Hata huko unakonong'ona sasa."

"Binti yangu," Evlambia akadakia, "hiyo ya kupiga kelele mwandikie daima, siyo mpaka Pasaka tu."

Wakarudi nyumbani na mrija. Kesho yake mrija ulikuwa umelowa na kujikunja, maana siku hizi tunapewa ya karatasi, haivumilii hata kahawa moja ya barafu. Evlambia akafungua kabati, akamtolea tambi nene zenye tundu katikati, zile za kuoka na nyama, ambazo katika Kwaresima hazina kazi. Fikiria picha hiyo. Mwimbaji wa kuume, mwenye joho jeusi lililopigwa pasi, ameinama juu ya mtungi wa maji, anavuma ndani ya tambi. Akisahau anaitafuna.

Kisha kichwa chake kikafanya hesabu ya kiume. Kama mrija mdogo unaponya, bomba kubwa litafufua. Akachukua bomba la kumwagilia bustani, akatia ncha kwenye ndoo, akapuliza kwa nguvu zake zote wimbo mzima wa Jumapili. Mbwa wa jirani aliruka ukuta, akapatikana jioni kwenye kituo cha mafuta. Danae alimchungulia koo, akauliza, "Nani kakutuma?" Evlambia akajibu, "Ulafi wake." Adhabu yake ikawa kuanza upya na mrija mwembamba kuliko ule wa kwanza, na hapo ndipo alipokubali, nadhani kwa sababu alianza kuogopa kweli.

Lakini aibu ilikuwa palepale. Hakutaka mtu ajue kwamba binti wa muuza nyama anamfundisha kupuliza mapovu. Basi akaenda mkahawani kama kawaida yake, akakaa pembeni, ameugeukia ukuta, hasemi, hajibu salamu, ana glasi ya maji na kijimrija, shavu limevimba, midomo imebana upande, na chini kwa chini anatoa mlio. Watu wangefikiri nini? Kinyozi ndiye aliyetamka kwanza: amepooza. "Mdomo umeshakwenda upande, hawezi hata kunywa kwenye kikombe, na mlio ule ni wa mtu anayejaribu kusema." Kufika magharibi mji mzima ulijua. Kesho yake wanawake walianza kumpelekea supu.

Supu ya dengu, supu ya maharage, supu ya pweza bila mafuta. Duka la viatu likanuka kama jikoni la jeshi. Padre Neofitos akaja na mafuta matakatifu, akampaka kwenye paji la uso, akamsomea sala ya wagonjwa wote wa mwili na akili, na Polihronis akakubali kupakwa kuliko kusema ukweli. Ndivyo alivyo. Angekubali azikwe, mradi asiseme neno mrija.

Mimi nami nilichukua bakuli langu la supu ya ufuta nikaenda, siyo kwa huruma, nilitaka kuona. Dukani hakukuwa na mtu, nikapita mpaka stoo, nikamkuta kati ya maboksi ya viatu, chupa ya maji mapajani, anapuliza. Sauti iliyokuwa inatoka haikuwa ya mgonjwa. Ilikuwa chini, laini, imenyooka, noti moja tu ndefu, na mapovu yalikuwa yanapanda kwa utaratibu wao.

"Kumbe!" nikasema. "Aliyepooza anachemsha maji kwa mdomo."

Akaruka, maji yakamwagikia suruali. "Asimina! Hujui kubisha hodi?"

"Nimeleta supu ya marehemu mtarajiwa. Wewe unafanya nini?"

Akanieleza. Alieleza kwa sauti ndogo safi, nikashangaa kwamba anaweza kuzungumza na mtu bila kumlipua masikio. Akaniapisha nisimwambie mtu. Nilimwambia mimi huwa siapi, ni dhambi.

"Na Jumapili zote hizi nani ataimba?" nikamuuliza. "Si Zisis yupo?"

"Zisis hawezi."

"Hawezi nini? Kuna mtu aliyewahi kumpa nafasi?"

"Nimekwambia hawezi. Usiniongeleshe sana, koo langu."

Jumapili iliyofuata nilijua alichokipanga, na nusura niangushe sanduku la mishumaa. Polihronis aliingia, akapanda kwenye kiti chake cha kuume, akaweka mbele yake kipaza sauti kidogo cha kubebeka, akabonyeza. Akaanza kuimba Polihronis wa mwaka juzi. Alikuwa amejirekodi, bila shaka, watu wa namna hiyo hujirekodi. Yeye mwenyewe amesimama pale mdomo umefungwa, mikono kifuani, anajisikiliza kwa kuridhika. Na mashine ile, kwa kuwa ilirekodiwa na mwizi, ikamaliza mstari wa kuume, ikavuta ile pumzi ndogo, ikachukua na mstari wa kushoto. Zisis alikuwa ameshafungua mdomo. Akaufunga.

Hata bubu, aliweza kula mistari ya mwenzake! Wengine walicheka. Mimi nilikasirika, na mpaka sasa nikikumbuka ule mdomo wa Zisis unavyofungwa nakasirika. Padre aliacha ipite, akidhani anamstahi mgonjwa. Mashine ikaimba Kwaresima yote iliyobaki, ila siku moja betri iliisha katikati, tukamaliza ibada kwa kusomasoma.

Habari hizi zilimfikia askofu. Askofu wetu ana mengi, lakini hili halikumchukua muda: Juma Kuu hakuna mashine kanisani. Aimbe mtu, au pasiimbwe.

Basi hapo ndipo kisu kilipogusa mfupa. Jumanne ya Juma Kuu jioni kuna wimbo mmoja mrefu ambao kwetu wanauendea hata wale ambao kanisani huwaoni tena mpaka mazishi yao. Wanawake wanafunga saluni mapema. Mkahawa unabaki na paka. Mwimbaji wa kuume anapimwa kwa wimbo huo mwaka mzima, na Polihronis alijua kwamba akishindwa Jumanne, Jumatano watu watasema mbele ya padre kile walichokuwa wanasema mgongoni: kiti kipewe mwingine.

Akaenda kwa Danae siku ya Ijumaa kabla ya Jumapili ya Matawi, na Evlambia nyuma yake. Danae alimsikiliza akipanda na kushuka, kwanza kwa mrija, kisha bila mrija, akatabasamu. Sugu zilikuwa zimesinyaa. Sauti ilikuwa imerudi, tena bila ule mkwaruzo wa kujivuna.

"Jumanne utaimba," akamwambia. "Lakini siyo wimbo wote. Nusu. Ukiuchukua wote peke yako, kufika Ijumaa Kuu utakuwa hoi, na sugu zinarudi kubwa kuliko za mwanzo, safari hii ni kisu cha daktari wa Larisa. Hakuna mtu wa kupokezana naye?"

"Hakuna."

"Yupo Zisis," akasema Evlambia.

"Nitatafuta mtu Larisa. Kuna kijana mmoja wa seminari."

"Juma Kuu kila mwimbaji ana kanisa lake, utampata wapi?"

"Basi watoto wa shule waimbe."

"Watoto wa shule!" Evlambia akajipiga kofi gotini. "Nyimbo hizi? Polihronis, una nini na huyu mtu? Jicho lenyewe tumeshaliondoa."

"Mtu yeyote," akasema Polihronis. "Yeyote, ila si yeye."

Danae akamtazama. "Kwa nini, Bwana Polihronis?"

Evlambia anasema mumewe alikuwa anauzungusha ule mrija vidoleni mpaka ukakatika. Sote tulidhani ni majivuno tu, na nani angetulaumu, mtu mwenyewe si tunamjua? Njiani kurudi mkewe akampa hukumu yake. Akiumeza mstari wa Zisis Jumanne, yeye Evlambia anakwenda kula Pasaka kwa dada yake kule Trikala, na mwanakondoo atamchoma mwenyewe, aite na mashine imsaidie kugeuza.

Jumanne ilifika. Watu walijaa mpaka kwenye ngazi, mishumaa iliniishia nikaagiza mingine. Danae alikuja pia, ambaye si mtu wa kanisa, akasimama karibu na meza yangu, amekunja mikono kama mtu anayesubiri matokeo ya mtihani. Taa zikapunguzwa. Polihronis akafungua mdomo.

Nitasema ilivyokuwa, ingawa yananiuma kumsifu. Aliimba chini. Hakupaza, hakurefusha, hakumwonyesha mtu wa Athene kitu chochote. Yale majuma ya kuvuma kwenye mrija yalikuwa yamemfundisha kutosukuma, na sauti ilikuja yenyewe, pana, ya joto, kila neno likisikika. Kwa mara ya kwanza nilielewa maneno ya wimbo ule, mimi ninayeusikia tangu nikiwa mtoto wa kubebwa. Machozi yalinitoka na nikajilaani.

Akafika mwisho wa mstari. Nilimwona akivuta pumzi ndogo, ile ile. Nikamwona Evlambia akisogea hatua mbele. Polihronis akaishikilia ile pumzi, mishipa ya shingo imesimama, akaiachia. Akafunga mdomo.

Zisis hakuwa ameelewa. Aligeuka nyuma kutazama kama kuna mtu mwingine aliyeingia kuimba. Padre akatoa kichwa kwenye mlango wa madhabahu, akamwashiria kwa kidevu: wewe. Zisis akaweka mkono wake mkubwa wa fundi juu ya kitabu, akaanza.

Mtu aliyekuwa ananunua mshumaa kwangu alisimama ameuwasha mkononi mpaka nta ikamchoma vidole. Kinyozi aliyesema Polihronis amepooza alikuwa yeye sasa mdomo wazi. Ilikuwa sauti ya juu, nyepesi, isiyo na jasho, iliyopanda mpaka kwenye kuba na kukaa huko kama iko kwake. Tulikuwa tumesikia uzuri dakika moja iliyopita, na uzuri ule sasa ulionekana kama mlango tu wa kuingilia humu. Ukimnyima mtu kazi miaka yote hiyo, koo lake linabaki jipya kama sahani za harusi zilizofungiwa kabatini. Polihronis alikuwa amemtunzia mwenzake sauti, asiitumie, isipate hata mchubuko.

Watu waligeukiana. Wanawake walikuwa wanaulizana kwa macho: huyu ni Zisis? Zisis wa majokofu? Huyu aliyekuja kunitengenezea friza juzi, akanywa maji akaondoka? Nilitazama nyuso zote, ndiyo kazi ya mtu wa mlangoni, na kila uso ulikuwa umeshangaa. Padre ameshangaa. Danae ameshangaa. Zisis mwenyewe ameshangaa, anaimba huku nyusi ziko juu.

Polihronis hakushangaa. Alikuwa amesimama ameinamisha kichwa, anasikiliza kama mtu anayesikia habari ambayo alikwisha kuisoma zamani.

Zamu yake ilipofika aliimba, akaimba vizuri, akamwachia Zisis kila mstari usio wake mpaka wimbo ukaisha. Hakuna aliyemtazama tena. Watu walikuwa wanasubiri amalize.

Baada ya ibada walimzonga Zisis kule mbele, wanamkumbatia, wanamtemea mate kila mmoja asije akapata jicho, mpaka kola yake ililowa. Polihronis alishuka peke yake kupitia pembeni mpaka mlangoni, kitabu kwapani. Evlambia alimkuta hapo hapo kwenye meza yangu. Hakuwa na hasira tena, alikuwa amepauka.

"Ulikuwa unajua," akamwambia.

Nilidhani atapandisha sauti. Nilidhani atasema ni jicho, ni mwangwi wa kuba, ni bahati ya siku moja. Alitazama mishumaa yangu.

"Siku ile padre wa zamani, marehemu, alipomjaribu Zisis sauti, kule ndani," akasema. "Tulikuwa watatu tu. Aliimba mstari mmoja, padre akaanza kulia. Akaniuliza, 'Unaonaje, Polihronis?' Nikamwambia atafaa kushoto."

"Miaka ishirini na miwili," akasema Evlambia.

"Nilifikiri ningemchosha aondoke. Hakuondoka, yule bwege. Kila Jumapili alikuja."

Mkono wangu ulikuwa juu ya kinara cha shaba, na kusema kweli nilikuwa naupima uzito wake. Siyo kwa ajili ya Zisis peke yake. Ni mama yangu aliyekufa akiwa hajasikia sauti ile, na aliupenda wimbo huo kuliko Pasaka yenyewe. Ni sisi sote tuliokwenda nyumbani kuzima maharage.

Danae alikuwa nyuma yangu, amesikia kila kitu. Polihronis alikuwa amesema yote hayo kwa sauti ya chini, imenyooka, safi kabisa, haina mkwaruzo hata mmoja. Yule binti alifanya kazi nzuri.